Sala Iliyopanda Jukwaani Soweto

Mchezo wa muziki wa Sarafina! ulipofika Broadway, New York, Januari 1988, miongoni mwa nyimbo zake za mwanzo ilikuwamo Sala ya Bwana. Waimbaji walikuwa vijana wa Afrika Kusini waliovaa sare za shule, wakiigiza wanafunzi wa Morris Isaacson, sekondari ya Soweto iliyotoa baadhi ya viongozi wa maandamano ya wanafunzi ya Juni 16, 1976. Sala ileile ambayo watoto wa shule za misheni huku kwetu waliikariri kabla ya kuelewa kila neno lake, mtunzi wa mchezo huo, Mbongeni Ngema, aliipa mdundo wa mbaqanga, muziki wa vitongoji. Katika mchezo huohuo vijana wanaimba Nkosi Sikelel' iAfrika, nayo ni sala. Kisha polisi wanaingia.

Ni rahisi kuuona wimbo wa dini katika mchezo wa siasa kama pambo, au kama njia ya kuwapumzisha watazamaji kati ya kilio kimoja na kingine. Mimi nauona kama mzizi wa mchezo wenyewe. Muziki wa jukwaani wa Afrika Kusini ulitoka kanisani, ukalelewa na walimu wa kwaya, na hata ulipokasirika ulikasirika kwa lugha ya Zaburi. Anayestahili sifa kubwa kwa hilo ni Gibson Kente, mwalimu wa Ngema. Ngema tunamjua, kwa kuwa filamu ya Sarafina! ya mwaka 1992 iliingia mpaka kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu. Kente huku Afrika Mashariki karibu hatajwi, na hilo linaniuma.

Tuanze mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Ntsikana, mtu wa kabila la Wakhosa, aliupokea Ukristo kwa namna yake na kutunga wimbo mkuu wa kumsifu Mungu akitumia mtindo wa sifa za kwao. Alifariki mwaka 1821, na wimbo ukaendelea kupita mdomo kwa mdomo mpaka ulipochapishwa. Mtindo wake ni tofauti na tenzi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya, ambazo mara nyingi tuni huvuta upande mmoja na maneno upande mwingine. Kuanzia hapo wimbo wa ibada ulikuwa mali ya Waafrika wenyewe, hata pale mmisionari alipodhani ni wake.

Misheni nazo zilileta nota za doremi. Aliyepita kwaya ya usharika Moshi, Bukoba au Kisumu anazijua: mwalimu anaandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, sauti nne zimepangwa mstari juu ya mstari, na kati ya herufi anaweka nukta na mikato ya kuonyesha sauti ikae muda gani. Hazihitaji kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Daftari na penseli vinatosha. Kwa nota hizo Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliandika nyimbo zake katika daftari la shule, na mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Januari 8, 1912 uliimbwa Bloemfontein kufunga mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Sontonga mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1905. Mtanzania anayesimama kuimba Mungu Ibariki Afrika anasimama kwa tuni ya mwalimu huyo wa kwaya.

Kutoka kwaya hadi jukwaani hapakuwa mbali. Katika miji ya Afrika Kusini ya kati ya vita viwili vikuu kulikuwa na desturi ya konseti na dansi: saa mbili usiku mpaka saa sita watu wanasikiliza kwaya na vichekesho, kisha viti vinasogezwa ukutani na dansi linapigwa mpaka alfajiri. Sababu haikuwa kupenda kukesha tu. Mwafrika aliyekutwa barabarani usiku bila kibali alikamatwa, hivyo ilikuwa salama kubaki ukumbini mpaka kupambazuke. Tenzi na jazi zilikaa chini ya paa moja, usiku mmoja, mbele ya watu walewale.

Mwaka 1959 ukaja mchezo wa muziki wa King Kong, habari ya bondia Ezekiel Dlamini, muziki wa Todd Matshikiza, na Miriam Makeba akiwa mwimbaji mkuu wa kike. Mwaka 1961 ulikwenda London. Ni kazi kubwa na ilifungua njia, ila uongozi na fedha vilikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu, na hatimaye wasanii kadhaa walibaki ughaibuni. Swali la nani angewaimbia watu wa vitongojini, kwa kiingilio wanachokimudu, lilibaki.

Kente ndiye aliyelijibu. Alizaliwa mwaka 1932 karibu na mji wa East London, akasoma chuo cha Waadventista, kisha akaenda Johannesburg. Huko alifanya kazi ya kusaka vipaji kwa kampuni ya santuri na kuwatungia waimbaji nyimbo. Mwaka 1963 alitoa Manana, the Jazz Prophet, na jina lenyewe linaunganisha nabii na jazi. Sikalo ulifuata mwaka 1966. Baadaye alisimama kwa miguu yake: kundi lake, basi lake, kumbi za vitongoji kutoka jimbo hadi jimbo, watazamaji Waafrika.

Kumbi hizo zilimfundisha namna ya kuandika. Vipaza sauti vilikuwa vya shida, watoto wanalia, watu wanamjibu mwigizaji kama wanavyomjibu mhubiri. Kwa hiyo waigizaji wa Kente walifundishwa sauti ya kujaza ukumbi na ishara zinazoonekana kutoka benchi la mwisho. Wahusika walikuwa watu wa kila siku: mama muuza pombe, kijana wa genge, polisi, na karibu kila mara mchungaji. Lazima kuwe na mazishi au ibada, na hapo ndipo kwaya inapopanda na ukumbi mzima kuitikia. Watazamaji walikuwa wanazijua sauti zao. Besi alikuwa anajua aingie wapi, kwa sababu Jumapili iliyopita aliingia hapohapo.

Wakosoaji wa miaka ya 1970, hasa vijana wa vuguvugu la Black Consciousness, walimlaumu kwamba anawaliza watu kisha anawarudisha nyumbani wametulia. Lawama hiyo ilikuwa na uzito kwa michezo yake ya awali, ambamo mchungaji mara nyingi ndiye aliyetuliza mambo. Lakini ilisahau hali yenyewe. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya mwaka 1960, vyama vya ANC na PAC vilipigwa marufuku, na mikusanyiko ya siasa ikafuatwa na polisi. Ibada na mazishi vilibaki karibu mahali pekee ambapo umati ungeweza kufungua kinywa pamoja. Aliyeitunza kwaya katika miaka hiyo aliitunza silaha, hata kama hakuwa ameinoa.

Na Kente akaja kuinoa. Katikati ya miaka ya 1970 alitoa michezo mitatu mfululizo: How Long, I Believe na Too Late. Tazama majina hayo. La kwanza, yaani Hadi Lini, ni swali la Zaburi ya 13, la mtu anayemuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. La pili ni neno ambalo kila Mkristo huanza nalo Kanuni ya Imani. La tatu, Muda Umekwisha Pita, ni onyo la nabii. Mtunzi hakuacha dini ili aingie kwenye siasa. Aliifuata dini mpaka ikamfikisha huko.

Too Late ndio ninaourudia zaidi. Saduva ni kijana yatima anayekuja Soweto kuishi kwa shangazi yake Madinto, anayejipatia riziki kwa kuuza pombe isiyo na kibali. Saduva hana pasi yenye mihuri inayotakiwa, na kuipata ni kusukumwa kutoka dirisha hadi dirisha. Madinto anakamatwa. Binti yake Ntanana, mlemavu, anauawa mikononi mwa polisi. Saduva anatoka kifungoni akiwa mtu mwingine, moyo umekuwa mgumu. Katikati ya yote yupo mchungaji, Mfundisi, mtu mwema kweli, ambaye maneno yake ya subira yanapungukiwa nguvu kadiri mchezo unavyoendelea. Kente hamdhihaki. Anamwacha asimame pale, Biblia mkononi, mbele ya kijana ambaye hasikii tena. Uungwana huo wa mwandishi unanigusa kuliko hasira yoyote ambayo angeweza kuiandika.

Serikali ilielewa vizuri. Michezo hiyo ilizuiwa hapa na pale, na mwaka 1976, alipokuwa akiigeuza How Long kuwa filamu, Kente alikamatwa na kuwekwa kizuizini.

Ngema na mwenzake Percy Mtwa walikutana katika kundi la Kente. Wakiwa safarini walianza kubishana: Kristo akirudi leo, akashuka Afrika Kusini, itakuwaje? Pamoja na Barney Simon wa Market Theatre, Johannesburg, wakatengeneza Woza Albert!, ulioonyeshwa mwaka 1981. Si mchezo wa muziki kwa maana kamili, ila umejaa nyimbo na milio ya vyombo inayotoka midomoni mwa waigizaji wawili tu. Wakitaka kuwa Wazungu wanavaa puani kipande cha mpira kilichopakwa rangi ya waridi. Wakikivua wamerudi kuwa Waafrika. Serikali inafurahi kwanza kwamba Morena, Bwana, ameichagua nchi yao. Anapoanza kuwasikiliza wanyonge, anafungwa, kisha anauawa. Mwisho anafufuka, anakwenda makaburini, na kuwaita marehemu wainuke: Steve Biko, Lilian Ngoyi, Robert Sobukwe, na Albert Luthuli aliyeupa mchezo jina lake. Luthuli, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, alikuwa mwenyewe mhubiri wa kanisani.

Lazima tukumbuke ugomvi wa michezo hii na serikali ulikuwa kati ya nani na nani. Makaburu hawakuwa wapagani. Katiba ya jamhuri yao ya mwaka 1961 ilifunguliwa kwa kumnyenyekea Mungu Mwenyezi, na Kanisa lao la Kidachi kwa miaka mingi liliutetea ubaguzi kwa Maandiko. Sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, inayohusu kuzitii mamlaka, ilikuwa hoja yao ya kila siku. Septemba 1985 wanatheolojia waliokutana Soweto walitoa Hati ya Kairos, wakiikataa theolojia hiyo ya dola waziwazi, na pia wakilikosoa kanisa linalohubiri upatanisho bila haki. Miaka miwili baadaye, Juni 1987, Sarafina! ulifunguliwa Market Theatre, baadhi ya muziki wake ukiwa wa Hugh Masekela.

Ndiyo maana Sala ya Bwana ya wanafunzi wale haiwezi kuwa pambo. Kuomba ufalme wa Mungu uje, katika nchi ambayo watawala wanadai wanatawala kwa idhini yake, ni kuwaambia wazi kwamba wao si ufalme huo. Kuomba mkate wa leo ndani ya Soweto ya mishahara ya kibaguzi ni kudai. Na ombi la kuokolewa na yule mwovu, mwanafunzi wa Morris Isaacson alijua linahusu gari la nani. Ngema hakuhitaji kuongeza neno, mdundo ulitosha.

Broadway mchezo huo ulionyeshwa mara 597, mpaka Julai 1989. Sina hakika kwamba New York ndiko ulikosikilizwa vizuri zaidi. Huku Afrika Mashariki palikuwa na masikio yaliyokwisha kuandaliwa. Wanafunzi waliokimbia baada ya 1976 walifika mpaka Morogoro, ambako Serikali ya Tanzania iliipa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Hapo ikajengwa shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Wakimbizi hao walipoimba wimbo wa Sontonga, wenyeji hawakuhitaji kufundishwa tuni. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na bado yana jina la Mahlangu.

Ngema alifariki katika ajali ya gari Desemba 27, 2023, na habari zake ziliandikwa duniani kote. Kente alikuwa ametangulia, Novemba 2004, baada ya kutangaza hadharani mwaka uliotangulia kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watu wachache wa hadhi yake Afrika Kusini walithubutu kusema hivyo. Michezo yake ilizidi 20, mingi haikuchapishwa. Aliwafundisha waigizaji kwa kuwaimbia na kuwaonyesha, kama mwalimu wa kwaya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imo vichwani mwa watu ambao sasa ni wazee.

Too Late ulisalimika. Ulichapishwa mwaka 1981 katika mkusanyiko wa michezo ya wananchi wa Afrika Kusini, na maneno yake yapo. Vyuo vyetu vya sanaa, kuanzia TaSUBa Bagamoyo hadi vitengo vya sanaa za maonyesho vya Dar es Salaam na Nairobi, vina vijana waliolelewa kwenye kwaya. Mchezo huo unahitaji tafsiri ya Kiswahili, mwalimu wa kwaya anayejua kazi yake, na ukumbi wa mtaani wenye kiingilio kidogo.