Kitofautishi na awamu zake

Mgonjwa wa Songea akiandikiwa picha ya CT ya tumbo yenye kontrasti, ndugu zake huuliza dawa hiyo inatibu nini. Haitibu kitu. Ni maji yenye iodini yanayoingizwa mshipani. Iodini huzuia eksirei kupita, hivyo mahali damu inapoipeleka hung'aa kwenye picha. Wengine huiita dawa ya rangi, jina linalopotosha kwa kuwa haipaki rangi popote. Mimi nachagua kitofautishi, maana ndiyo kazi yake.

Lakini kazi hiyo hutegemea muda, na hapa ndipo penye uzito. Ini hupokea damu kwa njia mbili: takriban robo tatu huletwa na vena ya lango kutoka utumboni, iliyobaki na ateri. Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe hujilisha zaidi kwa ateri. Picha ikipigwa sekunde 30 hadi 40 hivi baada ya sindano, yaani awamu ya ateri, uvimbe huo hung'aa kabla ya ini. Zikifika kama sekunde 70, awamu ya vena, ini limeng'aa na uvimbe umeanza kufifia. Kwa mwenye ini lenye makovu au homa ya ini B sugu, mwenendo huo unaweza kuthibitisha saratani bila kutoa kinyama cha kupima. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa usio saratani, mara nyingi huanza kung'aa kwa madoa ukingoni, kisha hujaa taratibu kuelekea katikati. Kifuko cha maji haking'ai kabisa. Jipu huzungukwa na ukingo unaong'aa, ila hata saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine huweza kuonekana hivyo. Hapo homa na vipimo vya damu husaidia kuamua.

Kwa hiyo anayeagiza kipimo aandike na awamu anazozitaka. Picha ya awamu moja huweza kuacha swali wazi.

Swali hilo si geni Songea: Ruvuma, mkoa wake, ni wa mahindi, na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo pamoja na virusi vya homa ya ini B huchochea saratani ya ini. Chanjo ya watoto dhidi ya virusi hivyo ilianza nchini Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wapime.

Na kabla ya sindano, mwambie mtaalamu wa mionzi kama una ugonjwa wa figo, unameza metformini (dawa ya kisukari), au kitofautishi kiliwahi kukuletea mzio.