Molière aliingia ndani, Racine akabaki barazani

Tamthilia kubwa za Kifaransa zilizaliwa ndani ya miaka 40, kuanzia Le Cid ya Pierre Corneille iliyochezwa mwaka 1637 hadi Phèdre ya Jean Racine ya mwaka 1677. Corneille na Racine walisifika kwa tanzia za wafalme na mashujaa. Molière, aliyefariki mwaka 1673, alisifika kwa vichekesho vya matajiri wapya, matabibu wa uongo na wacha Mungu wa kujionyesha. Katika Kiswahili, Molière ndiye aliyepata makao. Wenzake wawili wanajulikana Afrika Mashariki zaidi kwa njia ya Kiingereza, tena darasani.

Kiingereza chenyewe kiliwapokea mapema. Joseph Rutter aliitafsiri Le Cid mara tu ilipochezwa Paris, na Andromaque ya Racine ikageuzwa na Ambrose Philips mwaka 1712. Molière alipokelewa bila heshima nyingi, maana waandishi wa London walimtendea kama nguo ya mtumba: kila mmoja alichukua, akapunguza, akashona upya. Henry Fielding aliigeuza Le Médecin malgré lui mwaka 1732, na mwaka uliofuata akakigeuza kichekesho chake cha bahili. Ilichukua muda mrefu kabla hajatokea Mmarekani Richard Wilbur, ambaye kwa The Misanthrope ya mwaka 1955 na Tartuffe ya mwaka 1963 alionyesha kwamba vina vya Molière vinaweza kuhamia Kiingereza na watu wakaendelea kucheka ukumbini. Wanafunzi wengi wa fasihi katika vyuo vya Afrika Mashariki wamemsoma Molière katika tafsiri za namna hiyo.

Kiswahili hakikungoja Wilbur. Wakati wa ukoloni A. Morrison alitafsiri Le Médecin malgré lui kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu, na mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, tafsiri yake ya Le Bourgeois gentilhomme ikatoka kwa jina la Mchuuzi Mwungwana. Mwaka 1973, miaka 300 kamili baada ya kifo cha Molière, ikatoka Mnafiki, yaani Tartuffe, kwa tafsiri ya L. Taguaba.

Uteuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Tabibu na mchuuzi ni vichekesho vya nathari, vifupi vya maneno, vyenye fimbo na makelele ya kutosha kuchezwa na wanafunzi mbele ya wazazi. Sganarelle, mkata kuni mlevi, anampiga mkewe Martine. Mke analipiza kisasi kwa kuwadanganya watumishi wa tajiri Géronte kwamba mumewe ni tabibu hodari, ila hakubali kazi mpaka achapwe. Anachapwa, anakubali, anapelekwa kwa binti wa Géronte anayejifanya bubu ili asiozwe mtu asiyemtaka. Tabibu anamwaga Kilatini cha kubuni, anauweka moyo upande wa kulia na ini upande wa kushoto, na baba wa binti anaposhangaa anaambiwa kwamba mambo ya zamani yamebadilishwa. Dawa anayoandika ni mkate uliochovywa katika divai, kwa kuwa kasuku hulishwa hivyohivyo na husema. Atakayemkuta mganga wa gulioni akichanganya Kiarabu cha kubahatisha na majina ya magonjwa ya hospitali hatahitaji maelezo ya nyongeza kuhusu Ufaransa ya mwaka 1666.

Monsieur Jourdain wa Mchuuzi Mwungwana ni mtoto wa muuza vitambaa anayetaka ukabaila kwa fedha. Anaajiri walimu wa muziki, wa ngoma, wa upanga na wa falsafa, na kutoka kwa huyo wa mwisho anapata habari kwamba amekuwa akisema nathari maisha yake yote bila kujua. Tamthilia hiyo ilichezwa kwanza mwaka 1670 katika kasri la Chambord, mbele ya Louis wa 14, kwa muziki wa Lully. Sehemu yake ya kumtawaza Jourdain kwa sherehe ya kubuni ya Kituruki, pamoja na kilemba chake, huwachekesha wasiojua vilemba. Mbele ya hadhira ya pwani kicheko hicho ni cha hatari zaidi.

Mnafiki ni kazi ya uzito mwingine. Ilichezwa Versailles mwaka 1664, ikapigwa marufuku, ikaruhusiwa rasmi mwaka 1669. Tafsiri ya Taguaba ilitoka wakati tamthilia ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kupata sauti yake: Julius Nyerere alikuwa ametoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Samuel Mushi alikuwa amemleta Sofokile kwa Mfalme Edipode mwaka 1971, na Ebrahim Hussein alikuwa ametoa Kinjeketile mwaka 1969. Katika miaka ya Azimio la Arusha, mtu anayehubiri kujinyima huku akila mezani kwa mwenziwe na kuvizia nyumba yake hakuwa mgeni kwa msomaji.

Upande wa Kongo mambo yalikwenda kinyume. Huko Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya shule, kwa hiyo msomi wa Lubumbashi aliweza kumsoma Molière bila mfasiri, na mchezo wa kuigiza wa Kiswahili ukakua bila kitabu: kundi la Mufwankolo lilijijengea jina kwa michezo ya kubuni papo hapo katika Kiswahili cha Shaba.

Kuna kichekesho kimoja cha enzi ya Molière ambacho kingefaa kupelekwa moja kwa moja kwa Wapare wa Same, Tanzania, nacho si chake. Watanzania huwatania Wapare kwa mambo mawili, ubahili na kupenda kesi. Kwa utani huo, Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Les Plaideurs ya mwaka 1668, kichekesho pekee cha Racine, inaanzia hapohapo. Mdai Chicanneau anasimulia kwamba miaka 15 au 20 nyuma punda alipita katika shamba lake la majani akagaagaa. Kesi ikafunguliwa, na kabla haijaisha mpinzani wake akaachia kuku waingie shambani, mpaka mahakama ikaamuru itolewe ripoti ya majani ambayo kuku mmoja anaweza kula kwa siku. Mwishowe Chicanneau anashindwa na kutozwa gharama za faranga 5,000 hadi 6,000. Baadaye mbwa anashtakiwa kwa kula jogoo, na mawakili wanamtetea na kumshutumu kwa hotuba za kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu.

Utani wa kesi, hata hivyo, unaficha historia. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, wakidai wasikilizwe, na mwanahistoria Isaria Kimambo akaliandikia jambo hilo kitabu. Watu waliozoea kudai haki kwa hoja mbele ya ofisi wangemwelewa Chicanneau, hata wakimcheka.

Kazi ya mfasiri wa Les Plaideurs isingekuwa ngumu pale inapodhaniwa. Mshororo wa Racine una mizani 12 na hukatika katikati, 6 na 6, ukiwa na kina mwishoni. Mshairi wa Kiswahili aliyezoea mizani 16 ya 8 na 8 anajua tayari ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo. Ugumu ungekuwa katika msamiati, kwa sababu Racine alirundika maneno ya mahakama za Paris kwa makusudi, na kicheko chake kiko katika rundo hilo. Mahakama ya mwanzo ya wilayani Same ina rundo lake: mdai na mdaiwa, hati ya wito, tarehe ya kutajwa, kuahirishwa, nakala ya hukumu, rufaa.