Nakshi za Ndani na Ardhi ya Chini

Ukienda leo kutazama nyumba inayouzwa, iwe Tanga, iwe Mombasa, au hata bara kule Itaka katika Mkoa wa Songwe, ambako baadhi ya watoto wetu wamefuata biashara ya mpakani Tunduma, dalali atakuanzia ndani. Atakuonyesha marumaru za sakafuni, dari ya jipsamu na kabati za jikoni. Ukimwuliza habari za kiwanja atakwambia usiwe na wasiwasi. Na fedha zako ni zile zile: ama upate nyumba iliyopambwa juu ya kiwanja chembamba chenye maneno, ama nyumba ghafi juu ya kiwanja kizuri. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa pwani walilipitia, na wengine walilipa ghali.

Imepokewa kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja mambo manne kuwa ni katika furaha ya mtu: mke mwema, makao yenye wasaa, jirani mwema, na kipando cha raha. Angalia vizuri. Mawili katika manne hayo ni ya nyumba, wasaa na jirani, na hakuna hata moja linaloweza kuletwa na fundi rangi.

Huenda ukanijibu: mbona wazee wa Lamu walitia mali yao ndani? Kweli, walitia. Nyumba ya mawe ya Lamu nje ni ukuta mtupu, lakini chumba cha ndani kabisa utakuta zidaka za chokaa safu juu ya safu, zimechongwa kwa subira ya ajabu. Lakini tazama walianzia wapi. Vyumba vyao ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, na hawakuona haya kwa wembamba huo. Nyumba ilijengwa katika mtaa wa jamaa; binti akiolewa babake humjengea juu ya nyumba ile ile au ng'ambo ya njia, wakaunganisha kwa wikio lipitalo juu ya kichochoro. Yaani suala la ardhi na la jirani lilikuwa limekwisha kabla fundi hajashika mwiko. Aliyechonga zidaka alijua wajukuu wake wataweka vyombo mumo humo.

Sasa njoo Mombasa. Baada ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, Waingereza waliwataka watu wa mwambao wadai ardhi zao na kuziandikisha. Isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kifalme. Mji ulipokua, wenye hati walikodisha viwanja vitupu, na watu wakajenga juu yake. Ndiyo asili ya ile "nyumba bila ardhi" ya Majengo na kwingineko. Sheria ya Kiislamu haikatazi jengo kuwa la huyu na ardhi kuwa ya yule, kwa hiyo hapakuwa na haramu. Lakini fikiri hali ya mwenye nyumba. Ukumbi kaupamba, vyumba viwili kapangisha, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Hawezi kuweka rehani benki, maana hana hati. Siku mwenye ardhi akiuza, nakshi zake hazibebeki. Hata Sera ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ya 2009 ililitaja tatizo hili la pwani kuwa halijamalizika.

Ng'ambo ya Unguja mambo yalifika mbali zaidi. Utumwa ulifutwa mwaka 1897, na wengi waliokuwa watumwa wakahamia ng'ambo ya mji wa mawe, wakajijengea nyumba za miti na udongo kwenye ardhi za matajiri na za wakfu. Mwanzoni wengi hawakutozwa kitu, au walitozwa kidogo tu, kwa heshima na ujirani. Kisha ardhi ikapanda thamani na kodi ikapanda nayo, mpaka mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, wake kwa waume, wakagoma kulipa. Hoja yao ilikuwa nzito: nyumba tumejenga kwa jasho letu, vipi tutolewe kwa sababu ya udongo ulio chini? Mimi naona haki ilikuwa upande wao. Hata hivyo, hati ilikuwa upande mwingine.

Turudi Itaka. Tanzania bara ardhi yote ni ya umma, na unachonunua ni haki ya kuitumia. Sheria mbili za 1999, Na. 4 na Na. 5, zimetenga ardhi ya jumla na ardhi ya kijiji. Ikiwa kiwanja ni cha kijiji, haki ya kimila haiuzwi kisirisiri nyumbani kwa mtu: Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie. Ikiwa kimepakana na barabara kuu iendayo Tunduma, pima. Sheria ya Barabara ya 2007 imepanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia. Mwaka 2017 kule Kimara, Dar es Salaam, ambako hifadhi ni pana zaidi, nyumba nyingi zilibomolewa pamoja na marumaru zake.

Na kama ni nyumba ya mirathi, uliza kama imegawanywa. Katika hadithi ya Jabir, shufaa ipo katika kisichogawanywa. Mipaka ikiwekwa na njia zikipambanuliwa, haipo. Hivyo ndivyo tunavyofuata sisi Mashafii. Mahanafi wanampa hata jirani. Ukinunua fungu la mrithi mmoja, mwenziwe ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile uliyotoa.

Basi kabla ya kuhesabu fedha, omba wauzaji na majirani wa pande zote nne watembee nawe mpakani, mchana, na mashahidi waandikwe kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara aya ya 282. Jirani mmoja akikataa kuja, usilipe siku hiyo.