Kwa nini simu ikizimika hurudi mwaka 1970, na kwa nini mafundi wanauhofia 2038

Betri ikiisha kabisa, au ukiitoa na kuirudisha, baadhi ya simu huwaka zikionyesha tarehe 1 Januari 1970. WhatsApp inakwambia tarehe ya simu si sahihi, na kurasa za intaneti nazo zinagoma kufunguka. Wengi hudhani simu imekufa. Haijafa. Imerudi pale inapoanzia kuhesabu muda. Leo tunaeleza hesabu hiyo, kikomo chake, na watu wanaoifanyia ukarabati.

Kiini cha simu ni nini?

Simu za Android hutumia kiini kiitwacho Linux. Kiini ni sehemu ya chini kabisa ya mfumo wa simu, inayosimama kati ya programu zako na vifaa vyenyewe. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopokea mguso wa kidole chako kwenye kioo na kinachotunza saa. Wewe hukioni, lakini kikikosea, kila kilicho juu yake hukosea.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Alifuata mtindo wa Unix, mfumo uliobuniwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani.

Hesabu ya sekunde

Mifumo ya ukoo wa Unix haihifadhi tarehe kama tunavyoiandika kwenye daftari. Inahesabu sekunde zilizopita tangu kuanza kwa 1 Januari 1970 kwa saa za dunia. Kwa saa za Afrika Mashariki, hapo palikuwa saa 9 usiku. Simu iliyopoteza hesabu yake huanza tena na sifuri, na sifuri ndiyo tarehe hiyo.

Zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, hivyo hesabu hii ilipewa nafasi 32 tu za kuandikia sifuri au moja, yaani biti 32. Biti moja hutumika kuonyesha kama namba iko juu au chini ya sifuri. Namba kubwa inayoweza kuingia ni 2,147,483,647.

Sekunde hizo zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, hesabu itageuka kuwa chini ya sifuri, na kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaamini ni tarehe 13 Desemba 1901. Ni kama mita ya pikipiki iliyojaa tarakimu na kurudi nyuma, ila hapa kifaa kinaendelea kufanya kazi kikiamini namba hiyo.

Tatizo halisubiri hadi siku hiyo. Programu ya biti 32 inayopiga hesabu ya mkopo wa miaka 20 leo tayari inavuka kikomo. Tena si simu tu. Kompyuta ndogo zimo ndani ya ruta, mita na mitambo ya viwandani, na vitu hivyo hufungwa ukutani vikasahaulika kwa miaka mingi.

Kwa nini wasiongeze nafasi tu?

Dawa inajulikana: kutumia biti 64. Nafasi hiyo inatosha kwa miaka takriban bilioni 292. Ugumu uko kwenye kubadilisha. Programu na kiini huongea kwa makubaliano ya ukubwa wa namba. Kiini kikibadilisha ukubwa peke yake, programu za zamani zitasoma muda vibaya au zitasimama. Ni sawa na kubadilisha nguzo za nyumba watu wakiwa wamelala ndani.

OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ilibadilisha yote kwa mpigo katika toleo 5.5 la mwaka 2014. Iliweza kwa sababu kiini chake na zana zake za msingi hutunzwa pamoja na kundi moja.

Linux haikuweza kufanya hivyo. Wenye Linux wana kanuni kali: programu iliyokuwa ikifanya kazi jana isivunjwe na kiini kipya. Kwa hiyo walijenga njia mpya za kuuliza saa kando ya zile za zamani, na kuzileta katika toleo 5.1 la mwaka 2019. Kazi hiyo ilichukua miaka, na Arnd Bergmann ni miongoni mwa walioiongoza. Walipitia kiini sehemu kwa sehemu, wakituma viraka vidogo kwa barua pepe, na kila kiraka kikakaguliwa na msimamizi wa sehemu husika kabla ya kukubaliwa. Toleo 5.6 la Machi 2020 ndilo la kwanza ambalo kiini chake kwa vifaa vya biti 32 kilikuwa tayari kuvuka 2038.

Hata hivyo, kiini kipya peke yake hakitoshi. Programu nazo lazima zitengenezwe upya zitumie njia mpya, na vifaa vingi vya bei nafuu haviletewi masasisho tena na waliovitengeneza.

Wewe ufanye nini?

Kama simu yako imerudi 1970, fungua mipangilio, nenda kwenye tarehe na saa, kisha washa saa ya mtandao. Ikikataa, iweke kwa mkono.

Kwenye mipangilio hiyohiyo, sehemu ya kuhusu simu, utaona toleo la Android, na simu nyingi huonyesha pia toleo la kiini. Masasisho yakija, yapokee ukiwa na chaji ya kutosha na bando au Wi-Fi.

Unaponunua simu, muulize muuzaji kama ni ya biti 64 na itapata masasisho hadi lini. Kwa simu utakayoitumia miaka mitatu, 2038 haikuhusu sana. Lakini kama kikundi chenu kinanunua kifaa cha kukaa miaka 15, kama mtambo wa pampu ya maji unaoendeshwa na kompyuta, swali hilo liulizwe kabla ya kulipa.