Maua ya Lupango na Sumu Yake

Kila mwaka wanafunzi wanatuuliza darasani kama maua tunayopanda nyumbani yana sumu. Wazazi wa kartie yetu ya Golf nao wanauliza, zaidi wale wenye batoto badogo, wanaotambaa na kuweka kila kitu kinywani. Jibu la haraka ni kwamba mengine yana sumu, mengine hapana. Lakini jibu hilo halitoshi, maana swali lenyewe lina historia. Wazee wetu waliishi na mimea ya sumu kali karibu na mlango, na mtoto alifundishwa kuijua tangu alipoanza kutumwa mayi. Sisi tunaishi na maua ambayo hata jina lake hatulijui.

Tuanze na muhogo, maana huo njo mmea wa sumu tunaoujua kuliko yote, hata kama hatuuiti hivyo. Ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, kisha ukaingia bara kidogo kidogo, kutoka shamba mpaka shamba. Muhogo mchungu, ukikatwa ao ukitafunwa, unatoa sianidi. Bamama walipata njia ya kuushinda bila maabara: kuloweka mizizi siku 3 ao 4, kuanika juani, kisha kutwanga. Sombe nayo ni vilevile. Tunapoitwanga, hatutafuti ulaini peke yake. Kutwanga njo kunafungua sumu, na kuchemsha muda mrefu kunaitoa na mvuke. Huku kusini mwa Katanga tunakula zaidi bukari ya mahindi, tangu siku ambazo makampuni ya migodi yaliwapa wafanyakazi posho ya unga wa mahindi, lakini nyumba isiyopika sombe bado hatujaiona.

Na desturi hiyo ikikatwa, ni nini inatokea? Katika Kwango, mwaka 1938, munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu analala muzima, anaamuka miguu imekauka, na haiponi tena. Baadaye watafiti walifuatilia mambo hayo katika Bandundu, na mwaka 1992 wakaeleza jambo ambalo sisi walimu wa historia tunapenda kulirudilia: barabara nzuri ilifunguliwa kwenda Kinshasa, wachuuzi wakataka muhogo upesi, na watu wakapunguza siku za kuloweka. Mmea ni ule ule, watu ni wale wale. Kilichopungua ni siku mbili tatu ndani ya mayi.

Mmea wa pili ni buba. Wabemba wanasema ububa, na Waswahili wa pwani wanasema utupa. Ni kichaka cha maua meupe ao ya zambarau, na watu walikipanda wenyewe karibu na nyumba. Majani yake yakitwangwa na kutupwa mu mayi yaliyotulia, samaki wanashindwa kupumua na kuelea juu. Walioliwa hivyo hawakumudhuru mtu, kwa sababu sumu ya buba inamushinda samaki kuliko inavyomushinda binadamu. Siku ya kuvua kwa buba kila mutu alijua kinachofanyika mtoni. Hatusifu uvuvi huo, maana unaua hata samaki wadogo, na serikali inaukataza. Tunataka tu kuonyesha kwamba mmea wa hatari ulikuwa na jina, na kazi yake ilijulikana.

Sasa tuingie mjini. Elisabethville ilianza mwaka 1910, na reli kutoka kusini ilifika mwaka ule ule. Wazungu walitaka mji unaofanana na bustani: jakaranda za Amerika ya Kusini kando ya barabara, bugenvilia za Brezili juu ya kuta, lorie ya pwani ya Mediterania mbele ya baraza. Wafrika walitengwa mbali, na mwaka 1921 cité yao ilianzishwa pale tunapoita leo Kamalondo. Asubuhi walivuka kuja kumwagilia maua ya bwana. Mtunza bustani alifundishwa saa ya kumwagilia na namna ya kukata matawi. Habari ya sumu ilibaki katika vitabu vya madamu. Mwaka 1960 Wabelgiji wengi waliondoka haraka, na vitabu vyao vikaondoka, maua yalibaki.

Golf, lililopata jina kwa uwanja wa golf, limepanuka sana, zaidi baada ya sheria ya migodi ya 2002, pesa zilipoanza kuzunguka tena. Kila lupango mpya ina ukuta, na ndani ya ukuta kuna maua. Lililo hatari kuliko yote, kwa maoni yetu, ni lorie, ile Wafaransa wanaita laurier-rose. Linapendwa kwa sababu kiangazi hakiliui, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 linabaki kijani. Lakini jani, ua, tawi, hata moshi wake, vyote vina sumu inayogusa moyo. Kijiti chake kisitumiwe kuchomea nyama, hata kama kimenyooka vizuri. Ndugu yake wa maua ya manjano kama kengele ni mubaya vilevile, na mbegu yake ngumu batoto wanaipenda kwa michezo.

Mbarika unaota penye takataka bila kupandwa. Wakubwa wanakumbuka kijiko cha mafuta yake, kile tulichomeza tukifunga pua! Mafuta yaliyotengenezwa vizuri ni dawa ya tumbo. Sumu inabaki katika makapi ya mbegu, na ni kali sana. Mbono wa uzio nao unadanganya, kwa sababu mbegu zake zina ladha ya karanga: mtoto anakula, kisha anatapika na kuharisha. Maziwa ya mnyaa yakiingia katika jicho yanaweza kuliharibu. Difenbakia, ile ya majani mapana yenye madoa meupe tunayoweka mu salon, ina vipande vidogo kama sindano. Ukiitafuna ulimi unavimba na maneno hayatoki.

Lakini kuna maua yanayosingiziwa. Poinsetia ya Meksiko, ambayo Wazungu wanaiita nyota ya Noeli ingawa kwetu inakuwa nyekundu katikati ya mwaka, imesemwa muda mrefu kwamba inaua. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya visa 22,793 vilivyoripotiwa kwa vituo vya sumu: hakuna aliyekufa, na wengi hawakuumwa kitu. Maziwa yake yanawasha tu. Bugenvilia haina shida isipokuwa miiba. Kwa hiyo asiye na habari anaweza kungoa ua lisilo na kosa na kuacha lorie mlangoni.

Mtoto akila mmea, mutoe mabaki kinywani, umusukutue na mayi, na umupeleke lopitali pamoja na tawi la mmea ule, ili munganga aone. Jicho lioshwe na mayi safi mengi, muda mrefu. Desturi ya kumunywesha mafuta ya mawese ao kumutapisha kwa kidole tunaikataa: mafuta na matapishi vinaweza kuingia katika mapafu.

Kando ya barabara za Golf wauzaji wanapanga miche mu sashe nyeusi. Ukiuliza jina, wanajibu: "Ni maua tu, mama." Mwaka huu tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kila mmea wa lupango yao pamoja na majina yake, wakiwauliza wakubwa. Mmoja alileta majina matatu ya buba, yote kutoka kwa nkambo wake wa kike, pamoja na maelezo ya namna ya kuitwanga. Kwa kichaka cha maua ya pinki kilicho mbele ya mlango wao, aliandika neno moja: "maua."