Kudhoofu, Kunyauka, Kuzorota: Maneno ya Kupungua Taratibu

Maneno ya kupungua taratibu ni kundi la vitenzi vya Kiswahili vinavyoeleza hali ya mtu, mmea, kitu au shughuli kuishiwa nguvu, umbo, rangi au thamani kidogo kidogo. Yanayotumika sana ni kudhoofu, kukonda, kusinyaa, kunyauka, kufifia, kuchakaa, kudumaa, kudorora, kuzorota na kudidimia. Kamusi nyingi hufasiri moja kwa kutumia jingine, lakini kila neno lina mahali pake, na anayelichagua vizuri huwa amekwisha kueleza nusu ya tatizo. Makala hii inayaeleza kwa mifano ya Bunyakiri, katika teritori ya Kalehe, jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo.

Bunyakiri na Kiswahili chake

Bunyakiri iko kaskazini-magharibi mwa Bukavu, kwenye Barabara ya Taifa namba 3 inayopita Miti, ikakata msitu wa Kahuzi-Biega na kuelekea Hombo, Walikale na Kisangani. Wenyeji wengi ni Batembo, na lugha yao ni Kitembo. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya safari na ya kuelewana na jirani asiye Mtembo. Mwaka 1986 mtaalamu wa lugha kutoka Japani, Shigeki Kaji, alichapisha kamusi ya Kitembo iliyofasiriwa kwa Kiswahili cha Kongo, Kijapani na Kifaransa. Katika Kiswahili cha Kivu sauti ya "dh" mara nyingi huwa "z", kwa hiyo mtu dhaifu huitwa zaifu. Kulegea nako mara nyingi husikika kama kuregea.

Muundo wa vitenzi hivi

Kudhoofu lina asili ya Kiarabu. Mengi kati ya mengine ni ya Kibantu. Kinachoyaunganisha ni kwamba hayataji mtendaji. Tukisema "mtoto amedhoofu" au "soko limedorora", msikilizaji hajui nani au nini kimesababisha. Lugha yenyewe inatupa njia ya kuuliza: dhoofu huzaa dhoofisha, zorota huzaa zorotesha, dumaa huzaa dumaza, didimia huzaa didimiza, chakaa huzaa chakaza. Mara tu kitenzi kinapochukua umbo hilo, sababu haina budi kutajwa.

Wakati wa kitenzi nao una uzito. "Mgomba unanyauka" ni habari ya jambo linaloendelea, na pengine bado lina dawa. "Mgomba umenyauka" ni taarifa ya hasara. Maneno haya humfaa zaidi mtu anayeyatamka mapema, wakati -na- bado haijawa -me-.

Mwili

Kukonda ni kupungua nyama ya mwili. Kudhoofu ni kupungua nguvu, na mtu anaweza kudhoofu bila kukonda. Kusinyaa ni kujikunja na kupoteza ujazo, kama ngozi ya mzee au ya mgonjwa aliyeishiwa maji. Kudumaa ni kukwama katika kukua: mtoto aliyedumaa hakushuka kutoka kimo alichokuwa nacho, bali hakukifikia kimo kilichokuwa haki yake.

Umuhimu wa kutofautisha maneno haya unaonekana wazi katika ugonjwa wa utapiamlo ambao Kivu huitwa bwaki, na Tanzania kwashakoo. Jina la kitaalamu, kwashiorkor, lilitoka katika lugha ya Ga ya Ghana na kuingia katika maandishi ya tiba mwaka 1935 kupitia daktari Cicely Williams. Mtoto mwenye bwaki haonekani amekonda. Miguu imevimba, mashavu yamejaa, na mtu wa mbali anaweza kudhani amenenepa. Mama akibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba kisha akakiondoa, shimo dogo hubaki pale pale, halirudi upesi. Nywele hupoteza weusi wake na kuwa nyekundu, nyembamba, za kung'oka kwa urahisi. Ngozi hubabuka. Mtoto hukaa kimya na hataki kula. Anayesubiri aone mbavu ndipo aseme mtoto anadhoofu atakuwa amechelewa.

Bwaki huandama nyumba ambazo sahani ina bugali wa muhogo tu siku baada ya siku, hasa mtoto anapoachishwa ziwa mapema kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Maharagi, soya, karanga na samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sambaza, vikiingia katika chakula chake, humkinga. Mtoto ambaye miguu imekwisha kuvimba anahitaji kupelekwa kituo cha afya bila kungoja.

Mimea

Kunyauka ni neno la majani: kupoteza maji, kulegea, kisha kukauka. Kwa migomba, neno hili limekuwa jina la ugonjwa, mnyauko wa bakteria. Ulitambuliwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaingia Uganda mwaka 2001, na katika kipindi hichohicho ukaonekana Masisi, Kivu Kaskazini, kabla ya kuenea Kivu Kusini. Majani huwa ya njano na kuvunjikia chini, ua la dume husinyaa, na ndizi huiva kabla ya wakati, moja moja katika mkungu uleule. Ukikata ndizi hiyo utaona nyama yake ina madoa ya kahawia. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka utomvu wa njano. Hapo mkulima hapaswi kulaumu jua.

Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na panga la mkulima huubeba kutoka shina hadi shina. Kwa sababu hiyo wakulima hufundishwa kuvunja ua la dume kwa mti wenye panda bila kutumia panga, kukata shina lililougua mara dalili ya kwanza inapoonekana, na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Muhogo una historia yake. Ugonjwa wa batobato, uliotajwa kwanza Usambara mwaka 1894, huenezwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, na mizizi hubaki midogo. Shina halifi, kwa hiyo mnyauko si jina lake: shamba limedumaa. Dawa yake huanzia kwenye vipando safi.

Vitu na shughuli

Kuchakaa ni kuharibika kwa matumizi na umri: nguo, paa, daraja. Kufifia ni kwa mwanga, sauti, rangi na kumbukumbu. Kudorora ni kwa biashara iliyopoa. Kuzorota ni kwa hali iliyokuwa nzuri ikarudi nyuma, kama usalama au elimu.

Barabara ya Bunyakiri inaonyesha jinsi maneno haya yanavyofuatana. Mtaro ukiziba, maji ya mvua hupita katikati ya njia, magurudumu ya lori hukuza mashimo, na barabara inachakaa. Lori likikwama, ndizi na mafuta ya mawese hayafiki Bukavu kwa wakati, na soko linadorora. Mzazi asipouza, karo haipatikani, na shule inazorota. Mwanzo wa yote ni mtaro ambao haukuzibuliwa.

Msitu

Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Makadirio ya gorila wa Grauer, wanaoishi mashariki mwa Kongo peke yake, yalishuka kutoka takriban 16,900 katikati ya miaka ya 1990 hadi 3,800 mwaka 2016. Utafiti wa 2021 ulitoa makadirio ya 6,800. Tembo wa nyanda za juu za hifadhi waliuawa karibu wote katika miaka ya vita. Kusema kwamba "walififia" ni kuificha bunduki nyuma ya kitenzi.

Katika lugha nyingine

Kiingereza kina languish, kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, kwa mtu anayedhoofu kwa ugonjwa, kifungo au huzuni. Wane hutumika kwa mwezi unaopungua. Wither, ambalo ni kunyauka, linahusiana na neno la hali ya hewa, kama kwamba upepo na jua ndivyo vilivyokausha jani. Jina la kitabibu marasmus, utapiamlo wa kukonda, latoka neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya kunyauka.

Matumizi

Mwandishi, mwalimu na mhudumu wa afya wanapaswa kutaja hali kwa neno lake halisi, kisha kuuliza kilichoisababisha. "Mtoto anadhoofu" ni sentensi ambayo haijakamilika. Iulize nini kinamdhoofisha, na uulize leo, wakati bado tunasema anadhoofu.