Sinclair wa Unguja: Mchora Ramani Aliyepata Kuwa Balozi

Waislamu wengi wa Nyakabiga, Bwiza na Buyenzi ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani mwao wanajua kwamba lugha hiyo, na chuo walichosomea wazee wao, vilifika huku kwa njia ya zamani iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, kisha ikafuata maji ya Ziwa Tanganyika mpaka ufuko huu wa kaskazini. Kwa ajili hiyo habari za Unguja hazihesabiwi huku kuwa habari za ugenini. Na miongoni mwa habari hizo imo ya Mwingereza mmoja, John Houston Sinclair, aliyeingia Unguja akiwa na elimu ya kuchora ramani za majumba, akatoka akiwa amekwisha kukikalia kiti cha Balozi, yaani mkubwa wa utawala wa Kiingereza katika visiwa vile.

Sinclair alifunzwa kazi yake Uingereza, katika ofisi ya John Loughborough Pearson, mchoraji mashuhuri wa makanisa, yule aliyelichora kanisa kubwa la mji wa Truro. Alifika Afrika ya Mashariki mwaka wa 1896. Mwaka huo ndio Waingereza walioipiga mizinga nyumba ya kifalme ya Unguja, tarehe 27 Agosti, kwa muda usiotimia saa moja, ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash katika kiti alichokikalia bila ya idhini yao. Sinclair alianza kazi Mombasa, na mwaka wa 1899 akahamia Unguja. Nchi ilikuwa ya Sultani kwa jina, na himaya ya Kiingereza tangu mwaka wa 1890. Serikali ya namna hiyo, yenye bendera ya mwingine na amri yake yenyewe, ilihitaji majumba. Na huyu kijana alijua kuyachora.

Hapo ndipo lilipo jambo la kustaajabisha katika maisha yake. Huku Bujumbura, Wabelgiji walijenga kwa mitindo waliyoijua kwao, na mpita njia hakupata shaka jumba lilikuwa la nani. Sinclair alishika njia nyingine. Aliyatazama majumba ya Waarabu na Waswahili, matao, roshani, milango ya kuchongwa na kuba za Kiislamu, akayatia katika karatasi zake. Hata kanisa kuu la Waingereza la Mombasa, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Askofu Hannington na kufunguliwa mwaka wa 1905, alilivika kuba. Mgeni atokaye baharini angeweza kulidhania ni msikiti. Unguja alijenga nyumba ya mkubwa wa Kiingereza mwaka wa 1903, na baadaye Mahakama Kuu ya Vuga, iliyoanzwa mwaka wa 1904 ikamalizika mwaka wa 1908, nayo ina kuba na matao.

Wenye kumsifu husema alikuwa mtu mwenye jicho zuri na heshima kwa mji alioukuta. Sifa hiyo ni ya haki. Alama za kazi yake ni nzuri, na aliyeziona hasemi vingine. Walakini ni vema kuuliza pia ndani ya majumba yale mlifanyika nini. Chini ya kuba ya Vuga walikaa majaji wa Kiingereza, na makadhi wakabakishiwa zaidi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka wa 1905, ilitoka amri ya kuunda tume ya wakfu, na mali walizoziweka Waislamu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu zikaanza kusimamiwa kwa mkono wa serikali. Umbo lilikuwa la Kiislamu, hukumu ilikuwa ya London.

Wala majumba hayo hayakujengwa kwa kalamu peke yake. Waashi wa Unguja, wajuao mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchomwa na boriti za mikoko, ndio walioyasimamisha. Majina yao hayasomwi penye majina ya mchoraji.

Sinclair alipanda daraja moja baada ya moja katika utumishi, na mwaka wa 1922, alipoondoka Meja Pearce, yeye akawa Balozi, akitawala kwa jina la Sultani Khalifa bin Harub. Alikaa mpaka mwaka wa 1924, akafuatiwa na Alfred Hollis. Muda wake ulikuwa mfupi, na alama yake kubwa kabisa ilibaki ni jengo: Beit el Amani, yaani Nyumba ya Amani, ukumbusho wa kumalizika kwa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Lilifunguliwa mwaka wa 1925, naye amekwisha kuacha kiti. Ni jumba jeupe la pembe sita, lenye kuba kubwa katikati na kuba ndogo kuizunguka. Likafanywa makumbusho, na humo zikawekwa ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu, vyombo vya enzi ya wenyeji kabla ya Waarabu na kabla ya Waingereza.

Katika siku za ubalozi wake pia, mtaalamu wa mipango ya miji, H. V. Lanchester, aliutazama mji wa Unguja, na ripoti yake ikachapwa mwaka wa 1923. Lakini upande wa pili wa hori, Ng'ambo, katika vibanda vya miti na udongo vilivyoezekwa makuti, watu hawakungoja ramani. Walikuwa wakidaiwa kodi ya viwanja, na baadhi ya viwanja hivyo asili yake ilikuwa wakfu, watu wakikaa bila ya kutozwa. Mwaka wa 1928, miaka minne baada ya Sinclair kuondoka, waliikataa kodi kwa pamoja, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuizuia isipandishwe ovyo.

Mwaka wa 2000 Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Ng'ambo yenyewe ilibaki nje ya mpaka wa urithi huo.